Kulinda Mukate ya Noeli

Butembo, siku mbili mbele ya Noeli, muchana

Furaha,

Mukate iko juu ya mafiga inakauka, na mimi nimekaa hapa chini yake na kaye yako ya shule, ile ya zamani yenye ilibakia na karatasi nyeupe ku mwisho. Wewe umeenda kuaga bale barafiki zako ba korali. Papa yako ameenda kutafuta nafasi mu gari ya kesho asubuhi. Leo siko na kazi ingine, ni kulinda mukate tu, donc njo maana nikasema acha niandike. Kuko mambo yenye siwezi kukuambia ukiwa unaniangalia, juu uko na macho ya yaya wangu Masika, dada yangu mukubwa, na hiyo pia imenichokozaka tangu siku nilikuzaa.

Ya kufunga mulango, ya kubeba kadi yako kila mahali, ya kutotembea peke yako ku njia ya Mavivi, ile yote nilishasema mupaka unaniigaka sauti. Juzi nilikusikia unaniiga mbele ya Papa yako, mukono ku kiuno, "Furaha, sikia, nasema mara ya mwisho." Mulicheka mupaka machozi. Sikukasirika. Hapana, nilikasirika kidogo. Ila leo sirudilie ile.

Leo nataka kukuambia kama niko na wivu. Nimeiandika sasa, iko pale ku karatasi, hatuwezi tena kuifuta.

Unakumbuka vile tantine yako Masika aliita simu kutoka Beni, wiki yenye alianguka ku pikipiki na kuvunja mukono. Simu ilikuwa inasikilika na bote mu nyumba. Akasema, "Katungu, unipatie mutoto mbele ya Noeli. Wameniweka plasta, siwezi kuvunja mukate. Nitapika na yeye." Mbele nifungue kinywa, wewe ukaruka: "Ndio tantine, nitakuja!" Masomo yako ya kuzalisha bamama, kule kule Beni, inaanza Januari. Januari! Mimi nilikuwa nimehesabu Noeli hii ni yangu, ya mwisho mbele uende, wewe na mimi ku beseni ya bleu. Nikasema, "Sawa, yaya." Kisha nikatoka nyuma ya nyumba kupasua kuni. Papa yako akanifuata, akanitoa shoka mu mukono, akasema, "Mama Furaha, hizo kuni zilishapasuliwa." Nikamuambia anirudishie shoka na aende kwake.

Sasa nianze mahali inaanzia, juu wewe umekula ile mukate miaka yako yote na hujawahi kuuliza ilitoka wapi.

Tate yako, ule mama alituzaa mimi na Masika, alikuwaka mupishi ku misheni. Kulipita pale masera mumoja, mutawa wa kike wa kutoka mbali sana, mwenye kukumbuka kwao. Siku moja akaingia mu jikoni akamuonyesha Tate chakula ya sikukuu ya kwao: unachoma mukate ya unga ya muhindi, unaiacha ikauke mupaka inalia ukiigonga na kidole, unaivunja, unachanganya na kitunguu na seleri na supu ya kuku, na mayai, kisha unairudisha ku moto. Tate alijifunza, ila ulisikia vile alikuwa, hakuweza kuacha kitu ya mutu bila kuigusa. Akaongeza mapuaro ya Lubero, ile mboga ya majani marefu yenye kunuka sawa kitunguu. Akaongeza maini na firigisi ya ile kuku, yamekatwa tudogo-tudogo, na mawese kidogo ku chini juu isishikane. Furu ya kuchomea mukate hatukuwa nayo. Alichomea mu sufuria, makala chini na makala ingine juu ya kifuniko, vile nakuonyeshaka.

Ku nyumba yetu kuku inaweza kukosa. Mwaka moja ilikosa kweli, tulitia supu ya mifupa. Ila mukate ya kuvunja haikukosa. Bajomba balikuwa wanatoka Lubero na miguu ya vumbi, na swali ya kwanza ku mulango haikuwa "Mulaamka?" Ilikuwa, "Mulishavunja?"

Unajua mwenyewe kama hatukataki na kisu. Tunakaa bote ku beseni na tunavunja na vidole. Wewe ulikuwaka unachukua ile kona yenye iliungua, unaificha mu shavu na unaniangalia sawa mutu asiyejua kitu. Nilikuonaka kila mwaka.

Mbele ya kuvunja, mukate inapashwa kukaa siku mbili juu ya mafiga, ku kile kitanda cha fito, wazi, moshi na joto vipite pande zote. Mutu anapashwa kuilinda. Kuko panya, kuko kuku, kuko batoto ba jirani. Ile kazi inapewaka mutoto mukike mudogo wa nyumba, na ku nyumba yetu ile mutoto ilikuwa mimi. Masika alikuwa anachanganya, anaonja, anatia chumvi. Mimi nalinda. Siku mbili nakaa chini naangalia mukate. Bageni bakikula, banauliza nani alipika. Hakuna mutu hata siku moja aliuliza nani alilinda.

Nataka ujue kama nilimupenda Masika. Alinisuka nywele kila wiki, taratibu, bila kunivuta. Viatu vyake vya komunyo ya kwanza alinipa vikiwa bado vizuri, yeye akarudilia kandambili. Hakuwa mutu mubaya, na hiyo njo ilinimaliza. Kama angekuwa mubaya ningepumuzika. Tate alikuwa anamuita kuonja: "Masika, kuja uniambie." Na sauti ya chini, sawa banaongea na mutu mukubwa. Mimi nikikuja, Tate ananiambia, "Katungu, mukate iko na nani?"

Tate akafa mu mwezi wa saba. Ile Noeli yenye ilifuata, baba yetu akasema Masika njo atapika kwa familia yote. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na saba. Akamupa mwiko ya Tate mbele ya batu bote, ile mwiko yenye iko sasa ku ukuta wetu. Masika akalia. Bashangazi bakalia. Mimi nilikuwa nimesimama ku mulango na kuni mu mikono, na hakuna mutu aliniambia nizishushe.

Siku ya mbele ya Noeli, muchana, bote balienda ku kanisa kuungama. Mimi nilikuwa nimeenda asubuhi, nilikuwa nimeshatoka safi, na padri hakuwa tena na kazi na mimi mupaka mwaka mwingine. Nikabakia peke yangu na mukate nne. Zilikuwa zinakauka vizuri. Niligonga moja na kidole, ikalia vile inapashwa.

Furaha, nilienda ku shamba nyuma ya nyumba nikakata majani ya ndizi, mabichi, yenye bado yanatoka maji. Nikashusha zile mukate. Nikazifunga moja-moja, vizuri, sawa unafunga chikwange ya mihogo, na kamba juu yake. Nikazirudisha juu ya moto. Joto ikapita chini, maji ya majani ikaingia mu mukate. Wakati mikono yangu inafunga, kichwa yangu ilikuwa inaniambia: ni juu ya moshi, mwaka hii moshi ni mingi. Inaniambia: ni juu ya panya. Kama mutu angeniuliza, jibu ilikuwa tayari. Hakuna mutu aliuliza. Asubuhi, mbele Masika aingie mu jikoni, nikatoa majani yote, nikaweka mukate vile ilikuwa. Majani nikapatia mbuzi. Na mbuzi ya baba yetu ilikuwa na njaa siku zote.

Kama ingekuwa kweli juu ya panya, ningeacha majani Masika ayaone. Imenichukua miaka mingi kujiambia ile sentensi moja.

Tukaenda ku misa. Nikapokea komunyo. Hiyo sitasema mingi.

Masika akakaa ku beseni, akashika mukate ya kwanza, akaweka kidole kikubwa na akafinya. Haikulia. Akaniangalia. Akauliza, "Katungu, uliilinda?"

Nikasema, "Ndio yaya. Sikutoka hata kidogo."

Akavunja. Hakukuwa na mukate ingine na bageni balikuwa wanajaa mu kiwanja. Akachanganya kitunguu, mapuaro, firigisi, yote sawa Tate, akamimina supu. Mukate mukavu inakunywa supu na inabakia mutu anaweza kuona kila kipande. Hii yetu ilishuka yote, ikashikana, ikakuwa kitu kimoja. Alitia makala juu ya kifuniko mara mbili, mara tatu. Jasho ilikuwa inamutoka. Mwisho akaileta vile ilikuwa, mu sahani kubwa ya Tate.

Baba mudogo, ule mudogo wa baba yetu mwenye alipenda kuchekesha batu, akaingiza kijiko, kijiko ikasimama peke yake. Akasema, "Eeh! Masika ametupikia bugali ya Noeli!" Mama weee, vile balicheka. Banaume balicheka, bashangazi balicheka na mukono ku kinywa, batoto bakaanza kuimba, "Mama Bugali, Mama Bugali." Na mimi nikacheka, Furaha. Nilicheka kuliko bote, juu mutu mwenye hacheke angeonekana.

Ile jina haikutoka. Ku ndoa yake baliiimba. Mwaka wenye ulifuata, baba yetu alimuomba mwiko mbele ya batu, na kunipa mimi. Nikakausha mukate yangu siku tatu. Ilitoka vizuri sana, na bakanisifu, bajomba bakasema Tate amerudi. Sitakudanganya niseme ile sifa ilikuwa chungu mu kinywa. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu miaka mingi.

Masika akaolewa Eringeti na mulimaji wa kakao. Ku Noeli za familia alikuja na sahani ya matembele, akaiweka ku mwisho ya meza. Hakugusa tena mukate mbele yetu. Nikafikiri ameacha. Nikafikiri pia kama amesahau. Mutu mwenye alifanya kitu anapendaka sana kufikiri hivyo.

Sasa inakuja ile yenye inaniuma kupita majani.

Ulikuwa na miaka kenda wakati bitu biliharibika kule Eringeti juu ya vita na Masika akafika hapa na batoto batatu na godoro mbili. Balikaa kwetu wiki tatu. Unakumbuka wewe? Ulilala ku mbavu zake. Ulimufuata ku maji, ku soko, ku choo karibu umufuate. Alikuwa anakuambia hadisi za Tate zenye hata mimi sikuzijua, juu Tate alimuambia yeye. Mimi nikiingia, hadisi inakwisha na munaniangalia bote wawili na yale macho yenu.

Siku moja akaniambia, taratibu, "Katungu, tufanye mukate ya kuvunja kwa batoto. Basahau kidogo."

Nikasema, "Muhindi imeisha, yaya."

Gunia ilikuwa nyuma ya mulango, imejaa. Yeye njo alifagia ile kona asubuhi, alisogeza gunia na goti yake. Akaniangalia kidogo tu. Akasema, "Haina neno." Akachukua ndoo akaenda ku maji.

Kisha kulikuwa siku yenye uliteleza ku kiwanja ukaumia goti. Ulipiga kelele, "Mama!" Nikaacha nguo, nikatoka mbio na sabuni mu mikono. Na wewe ulikuwa unakimbia kweli kwa mama. Ila ule mama alikuwa Masika. Ulinipita. Haukuniona hata. Nilisimama pale na mikono inatoka povu, na nikasema mu roho yangu, huyu ananiibia.

Wiki haikuisha, nikaanza kusema nyumba ni ndogo. Nikasema kwa Papa yako kama batoto ba Masika banamaliza maji. Papa yako alishangaa, akaniuliza, "Ni dada yako, kweli?" Nikajibu bibaya. Masika hakungoja nimuambie. Alitafuta nyumba ya kulipia kule Beni, mu Bungulu, akabeba godoro zake mbili, akanishika mukono ku mulango, akasema, "Wasingya, mudogo wangu." Alinishukuru! Ulilia siku mbili. Na mimi nilikukasirikia juu ya ile machozi.

Wakati ya majani nilikuwa musichana, baba yetu alikuwa amenisahau ku mulango na kuni. Siku ya gunia nilikuwa mutu mukubwa, mama wa mutoto, na hakuna mutu alinifanya kitu. Ile haiko na jibu yoyote, hata ya panya.

Mwaka jana ulienda kule Bungulu kwa Bonane, sikukuu ya mwaka mupya. Ukarudi, tukawa tunaosha sahani, na ukasema, sawa mutu anayesema mvua itanyesha, "Mama, tantine alitupikia mukate ya kuvunja. Weee! Ilikuwa tamu kupita yako."

Nikauliza, "Alitia nini?" Nilijaribu sauti ikae sawa.

Ukasema, "Bitu bile bile. Ila analindaka yeye mwenyewe. Tulimuita kukula, akakataa kutoka, akasema muniletee hapa. Nikamuambia, tantine, enda upumuzike, mimi nitalinda. Akacheka. Akasema, 'Hapana mama, hii kazi siachiaka mutu.'"

Ile sahani yenye ilinianguka, wewe ulifikiri ni sabuni.

Donc alijua. Alijua tangu siku alifinya na kidole. Miaka hii yote bamemuita Mama Bugali, ku ndoa yake, mbele ya bwana yake, mbele ya batoto bake, na hakusema hata kwa baba yetu mwenye alimutoa mwiko mu mukono. Hakusema kwako, na alikuwa na nafasi, wiki tatu mulilala mbavu kwa mbavu. Kama angekuambia, leo ungekuwa wake wote. Hakukuambia.

Na unajua wivu yangu ilifanya nini nilipoelewa ile? Iliongezeka! Nikaona wivu hata juu ya ile kunyamaza yake. Nikasema, tazama, hata hapa ananipita.

Sikuandikii hii juu nikufundishe. Kufundisha kwangu unakuiga. Ila utakuwa kule na basichana bengine, na kutakuwa mumoja mwenye mikono yake itapokea batoto vizuri kuliko yako, na mwalimu atasema jina yake na ile sauti ya chini. Utasikia ile wivu inakushika na wewe. Mimi bado nasikia, na nywele nyeupe niko nazo. Siwezi kukuambia usisikie. Nakuambia kitu moja tu yenye niliona na macho yangu: wivu haikunijia na sura ya adui. Ilikuja sawa mutu mwema wa kunisaidia, na majani mabichi mu mikono, inaniambia ni juu ya panya. Ile siku angalia mikono yako inafanya nini.

Mara tatu nilianza kumuandikia Masika mwenyewe. Kila mara, mistari ya kwanza ilikuwa panya. Nikachana.

Sasa sikia. Juu ya moto kuko mukate mbili ya Masika. Nilichoma jana wakati uko ku soko. Tangu jana sijatoka hapa, hata misa ya asubuhi nilikosa, na Papa yako aliniletea chakula hapa hapa bila kuuliza, juu tangu siku ya shoka anaogopa kuuliza. Nitaziweka mu kikapu ndogo ya wazi, na kitambaa kikavu chini. Usiache mutu azifunge mu sashe ya plastiki. Usiache dereva aweke mizigo ya batu juu yake. Ubebe ku magoti yako mupaka Beni, hata miguu ikufe ganzi.

Ukifika, mbele ya kuvua viatu, umupatie mukate moja mu ule mukono wenye hauna plasta. Atafinya na kidole kikubwa, namujua. Itamulilia. Kisha umuambie, "Mama anasema: Katungu aliilinda." Sema tu ile. Akikuuliza mara ya pili, rudilia ile ile. Akitaka zaidi, umusomee hii barua yote, na mahali ya gunia usiruke, hata akikuambia ruka. Asipotaka, iweke mu bitu vyako.

Najua hii inaweza kunitokea bibaya. Utasoma kesho mu gari, na mbele ufike ku barriere ya kwanza ya barabara utakuwa umeshaanza kunifikiri mutu mwingine. Hiyo njo naogopa, Furaha, kuliko barabara. Nilikuwa naweza kunyamaza na wewe uende unanipenda vile unanipendaka. Papa yako hajui. Baba yetu alikufa bila kujua. Ila nikafikiri utakaa ku nyumba ya Masika miaka mitatu na utakula ku mukono yake, na batu ba familia bakipita bataita "Mama Bugali" na wewe utacheka nabo. Sitaki ucheke. Nilicheka mimi, inatosha.

Ukikasirika, kasirika. Ila simu uitike.

Na umupende Masika. Umupende vile ulitaka siku ya goti. Itaniuma, nakuambia mbele, na nitasema mambo ya ovyo ku simu, nitauliza kama anakupa chakula ya kutosha na najua anakupa. Usihangaike na ile. Ni wivu yangu, mimi njo nitailinda.

Hapa kwetu mwaka hii ku beseni tutakuwa mimi na Papa yako. Unamujua vidole vyake, anavunja vipande sawa mawe ya kujenga. Nitaacha ile kona ya kuungua ku sahani yako. Nani ataikula, sijui.

Nasikia sauti yenu ku njia, munacheka na bale ba korali, donc naacha. Mukate moja nimeigonga sasa hivi. Inalia.

Siku ya Noeli nitaita saa sita, mukiwa ku meza. Nitauliza mukate ya tantine ilikuwa namna gani. Ile siku unidanganye, tafazali, uniambie ilikosa chumvi kidogo. Siku ya Bonane nitaita tena. Ile siku uniambie ukweli, kisha umupatie simu.

Mimi mama yako,
Katungu